Prosesa ipo asilimia 100, sawa, lakini inafanya nini?

Wiki iliyopita hapa Ngamiani, Tanga, nimebishana sana na mwenzangu tunayefanya nae kazi, kisa programu ya stoo ya mfanyabiashara mmoja wa jumla, ripoti ya mwisho wa mwezi inakaa dakika nzima ndo itoke. Mwenzangu anasema prosesa imefika asilimia 100, imezidiwa, tajiri anunue mashine mpya yaishe. Mi nikasema tuulize kwanza vihesabio vya ndani ya prosesa yenyewe, akaona nachelewesha kazi ya watu.

Kwa asiyevijua, ndani ya prosesa kuna rajista, yani vihifadhi vidogo vya namba, ambazo kazi yake ni kuhesabu tu: mizunguko mingapi ya saa ya prosesa imepita, maagizo mangapi ya programu yamekamilika, mara ngapi data imetafutwa kwenye kache (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ikakosekana, mara ngapi prosesa imekisia programu itapita njia gani ikakosea. Pentium ya Intel ya 1993 ilikuja navyo viwili, na kwenye mfumo wa Linux zana ya kuvisoma, perf, ipo tangu kerneli (kiini cha mfumo) 2.6.31 ya 2009, unaandika perf stat afu jina la programu yako, basi.

Sasa hiyo asilimia 100 ndo inayodanganya watu. Unapita saiti unamwona fundi yupo juu ya jukwaa toka asubuhi, unasema huyu anapiga kazi, kumbe saidia fundi hajaleta udongo na fundi kasimama na mwiko mkononi. Prosesa ikisubiri data itoke RAM, yani memori kuu iliyo nje ya prosesa, inahesabiwa vilevile kwamba ipo kazini, na safari moja ya RAM inaweza kula mizunguko mia na zaidi. Tulipopima ikatoka maagizo 0.4 kwa kila mzunguko, wakati prosesa nyingi za siku hizi zina uwezo wa kumaliza manne au zaidi, na kache inakosa vibaya mno. Kufungua kodi tukakuta jedwali kubwa linasomwa kwa kushuka safu wakati kwenye memori limepangwa kwa mistari, yani kila baiti 64 zinazovutwa inatumika namba moja ya baiti 8, zile namba nyingine saba zinatupwa. Tukabadilisha nafasi za lupu mbili (sehemu za kodi zinazojirudia), ya nje ikaingia ndani, ripoti ikatoka kwa sekunde kumi na kitu, mashine ileile.

Ila mwenzangu ana hoja na lazima nizikubali. Vihesabio ni vichache, prosesa nyingi za Intel za miaka ya nyuma zikiwa na hyper-threading (kiini kimoja kuendesha kazi mbili kwa pamoja) zinakupa vinne unavyochagua vihesabu nini na vitatu vya kudumu vyenye kazi moja tu, ukiomba matukio kumi, yani vitu kumi vya kuhesabiwa, kwa mpigo Linux inayapa zamu halafu inakadiria yaliyobaki, na ile asilimia ndogo pembeni ya namba ndo inakwambia tukio limehesabiwa muda gani, wengi hawaiangalii kabisa wanabeba makadirio kama hesabu kamili. Pia kihesabio kikijaa kinatoa taarifa ili ujue ni agizo gani limesababisha, ila taarifa inaweza kufika imechelewa, lawama ikaangukia agizo la jirani. Majina ya matukio yanabadilika toka modeli hadi modeli, na seva nyingi za kukodi hazikupi vihesabio kabisa. Halafu kuna usalama, mtu anaweza kuvitumia kuchungulia kazi ya programu ya mwingine, ndo maana Linux inambana mtumiaji wa kawaida, na mi naona ni sawa abanwe.

Kwa hiyo mi naanza na saa ya kawaida, nijue kwanza ni sehemu gani inachelewa, nikikuta prosesa ndo ipo juu basi naomba matukio mawili matatu tu, narudia mara kadhaa, siombi kumi.

Na kuna ripoti nyingine ya tajiri huyohuyo, ya wateja wenye madeni, nayo ilikuwa nzito. Hiyo prosesa ilikuwa imelala kabisa, diski ya zamani ndo inakwaruza muda wote mpaka unaisikia. Hapo perf sikuigusa, nikakubaliana na mwenzangu, ikawekwa SSD, diski ya kisasa isiyozunguka.