LST-325 au Syros: meli moja, maisha mawili

Chombo kikipwelewa, mara nyingi nahodha amekosea hesabu ya maji. LST-325, meli ya kivita ya Marekani ya kushusha vifaru ufuoni (LST ni jina la aina hiyo), iliundwa ili ipwelewe. Picha ya tarehe 12 Juni 1944 inaionyesha ufuoni Normandy, Ufaransa, siku chache baada ya majeshi ya Marekani na washirika wake kuvamia huko, imekaa juu ya mchanga mkavu, ikishusha shehena. Ikiwa bahari kuu ilijaza matangi yake ya farumi, yaani maji ya kuipa uzito, ili itulie. Ikikaribia ufuo iliyamwaga ili iwe nyepesi, na njiani ikaangusha nanga ya tezi, yaani ya nyuma. Milango ya omo, yaani ya mbele, ikafunguka, vifaru na malori yakatoka. Maji yalipojaa tena, ilijivuta kwa nanga ile ile hadi ikaelea.

Marekani iliunda zaidi ya meli 1,000 za aina hii katika Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa nzito na zenye mwendo mdogo, na mabaharia wake walijua kwamba ni shabaha rahisi. Hii ilianza kazi Februari 1943, ikapita Sicily na Salerno kwenye mapigano ya Italia, kisha ikavuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa zaidi ya mara 40. Desemba 1944, meli ya kubeba askari Empire Javelin ilipozama, mabaharia wa 325 waliokoa watu wapatao 700.

Leo ni makumbusho mjini Evansville, Indiana, kwenye mto Ohio. Hapo ndipo pana ubishi: imehifadhiwa kwa kumbukumbu ya nani?

Mji wenyewe una hoja nzito. Kiwanda chake kiliunda meli 167 za aina ya LST. Hii haimo, maana iliundwa Philadelphia, lakini dada zake wengi waliishia kuwa chuma chakavu. Familia za waliochomelea yale mabati zinahitaji kitu cha kugusa, na sioni ubaya kwa dada mmoja kusimama badala ya wengine. Isitoshe, waliorudisha meli hii ni wazee wa vita wenyewe. Wengi wao walikuwa wamepita miaka 70 walipoitoa Krete, kisiwa cha Ugiriki, na kuvuka nayo Atlantiki majira ya baridi, wakaingia Mobile, Alabama, Januari 2001. Walionywa wasithubutu. Nikiwafikiria katikati ya mawimbi yale, nawaheshimu kwa moyo wote.

Lakini kwa nini ilikuwa Krete? Swali hili hupitwa haraka mno. Marekani iliistaafisha mara ya kwanza Julai 1946. Utumishi wake wa vita haukufika hata miaka minne. Ugiriki iliichukua mwaka 1964, ikaiita Syros, ikaitumia hadi 1999. Hiyo ni miaka 35. Chuma cha baharini hakijitunzi: kutu hung'olewa, rangi hupakwa, injini hufunguliwa na kufungwa. Bila mikono ya Wagiriki, wazee wale wasingekuta meli ya kurudisha.

Wapo wanaosema namba 325 ndiyo inayostahili kubaki omoni, kwa kuwa wageni huja kwa ajili ya Normandy. Nakubaliana nao. Waliokufa kwenye fuo zile wanadai nafasi ya mbele, nayo miaka ya amani, hata ikiwa mingi, haina uzito sawa na huo. Ninachokataa ni kuifanya miaka 35 iwe kama muda wa kuhifadhiwa ghalani. Natamani kila mgeni awe amelisikia jina Syros kabla hajateremka kwenye sitaha ya vifaru.