Sikukimbia, nilitoka kupokea simu

Jamani, kabla hamjaendelea kusambaza ile voisi, na mimi nisikilizwe. Ni kweli niliumbuka kwenye ibada ya vijana, ila sikulia wala sikupitia dirishani, huyo aliyewasimulia anajulikana kwa kutia chumvi.

Somo lilikuwa Wakristo wa kwanza walivyotajwa nje ya Biblia. Nikajitosa na Plinius, mwandishi wa Roma ya kale, maana jamaa ni noma, kaandika Naturalis Historia vitabu 37, humo kuna nyota, tembo, madini, dawa, yaani hajaacha kitu, halafu ni mkuu wa meli za kivita pale bandari ya Misenum, mwaka 79 volkano ya Vesuvius inalipuka watu wanakimbia yeye anapeleka meli kulekule, anafika mji wa Stabiae anaoga, anakula, analala mpaka anakoroma, baadaye wanatoka nje wamejifunga mito kichwani kukinga mawe, anafia ufukweni. Vijana kimya. Nikajiambia leo nimeua.

Slaidi inayofuata: Plinius, liwali wa jimbo la Bithinia, anamwandikia Kaisari Trajan mwaka 112 hivi kwamba Wakristo hukutana kabla hakujapambazuka wakamwimbia Kristo kama mungu. Amen zikamiminika.

Ndo bibi mmoja mwalimu mstaafu (ibada ya VIJANA, sijui alifuata nini) akanyoosha mkono. Hakuuliza haraka. Alivua miwani, akaifuta na khanga, akaivaa, akalamba kidole, akafunua daftari. Wadau, muda wote alikuwa anaandika.

"Mwanangu, huyu umesema kafa mwaka gani?"

"79, bibi."

"Na barua kaandika lini?"

Nikageuka ukutani. 112 imekaa pale kubwa, nyekundu, rangi nilikoleza mwenyewe. Feni inazunguka. Namsikia bibi anatoa kwa vidole, kwa sauti, taratibu, kama anasahihisha daftari la mtoto wa darasa la tatu. "Miaka 33. Sasa aliandikia wapi?"

Kuna dogo huko nyuma akadakia, "Umri wa Yesu huo!"

Hapo mtu mwenye akili ananyamaza. Mimi mdomo ukajiendea wenyewe: "Bibi, kwa Mungu yote yanawezekana."

Mpiga kinanda, Mungu anamuona, akapiga vile wanavyopigaga mtu akifufuka kwenye igizo la Pasaka. Watu wakalaliana kwenye mabenchi. Nikaweka simu sikioni, "Haloo, ndiyo mchungaji, nakuja," nikaanza kutoka, na mchungaji yuko benchi la mbele ananiangalia tu.

Usiku nimesoma mpaka macho yanawasha. Kumbe wako wawili, mjomba na mpwa! Mjomba ndo wa vile vitabu 37, kafa, kwenye wosia kamfanya mpwa mwanawe, mpwa kabeba jina, na ndo huyo liwali wa barua kwa Trajan. Tena hata habari za kifo cha mjomba ni yeye aliyemwandikia mwanahistoria Tacitus. Siku ya mlipuko alikuwa na miaka 17, mjomba kamwambia twende, dogo kajibu ana masomo. Sasa mnanicheka mimi au mnamcheka mjomba aliyegawa jina kama pipi?

Na kuna Seneca wawili pia, waandishi wa Roma hukohuko, baba na mwana. Nilikuwa nimewaandaa kwa mwezi ujao. Ila ratiba mpya imetoka, zamu yangu kapewa mpiga kinanda, mimi nimepangiwa viti.