Mwonyeshe mwenye bucha mahali, usimtajie jina

Kuna mwandishi anayesema "sirloin", kipande cha nyama ya ng'ombe, ni nyama ile ile kila nchi. Sivyo. Ya Uingereza hutoka mgongoni, nyuma ya mbavu. Ya Marekani hutoka nyuma zaidi, kwenye nyonga, na Mwingereza huiita "rump".

Hapa Dar neno linaloponza watu ni "steki". Buchani ni nyama yoyote isiyo na mfupa, mara nyingi ya paja, na msuli wa paja hufanya kazi sana: ukiuchoma harakaharaka unakaza. Uchemshe taratibu, saa moja na nusu hadi mbili. Ya kuchoma ni sarara, ule mnofu mrefu uliolala ndani, chini ya uti wa mgongo. Wahi asubuhi, kabla haujakatwakatwa na kuchanganywa kwenye steki, umwonyeshe mwenye bucha kwa kidole.