Mtumishi mpya wa baraza: ukumbini au mezani?

Baraza jipya la madiwani linapoanza, macho huwa kwa waheshimiwa: nani kapata umeya, nani kaingia Kamati ya Fedha na Utawala. Semina ya kuwafunda huandaliwa mapema, na ni haki yao. Anayesahaulika ni kijana aliyeripoti juzi ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri kuandaa vikao na kuandika mihtasari, akapewa meza na rundo la makabrasha, kisha akaambiwa kikao cha kamati ni Alhamisi. Kwa halmashauri zetu za Mwanza, swali ni moja: apelekwe darasani kwanza, au ajifunzie kazini?

Wanaotaka darasa wana hoja nzito. Vikao vina sheria zake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 na Kanuni za Kudumu za Halmashauri ndizo zinazoongoza akidi, uitishaji wa vikao, na diwani afanye nini akiwa na maslahi binafsi kwenye ajenda. Haya hayaokotwi kwa kumtazama jirani. Huenda jirani mwenyewe aliyaokota vibaya zamani, akayazoea. Chuo cha Serikali za Mitaa kipo Hombolo, Dodoma, na Chuo cha Utumishi wa Umma hutoa mafunzo elekezi. Kwa nini basi tubahatishe?

Mimi naungana nao kwa sababu nyingine, ambayo watu huisema chinichini. Bungeni Dodoma, makatibu wa kamati ni watumishi wa Ofisi ya Bunge, chini ya Katibu wa Bunge. Halmashauri haina mgawanyo huo. Katibu wa baraza ni Mkurugenzi, na anayeandika muhtasari ni mtumishi wa Mkurugenzi huyohuyo ambaye madiwani wanamhoji kuhusu mapato na miradi. Kwenye kata ni vilevile: Mtendaji ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti ni diwani, na taarifa inayojadiliwa mara nyingi ni ya kazi za Mtendaji mwenyewe. Kijana asipoelezwa mapema, tena na mtu asiye bosi wake, kwamba muhtasari ni mali ya kikao, atajifunza upesi kulainisha maneno.

Kulainisha kwenyewe kuko hivi. Tuseme diwani kasimama kuhusu mto Mirongo kufurika Mabatini, hapa jijini Mwanza. Muhtasari mbovu utasema: "Mjumbe alihoji kuhusu mafuriko, akajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi." Kikao kijacho, wakifika kwenye yatokanayo, yaani kufuatilia ya kikao kilichopita, hakuna cha kuuliza, maana hakuna aliyepewa kazi wala tarehe. Muhtasari mzuri hutaja azimio, mhusika na muda. Na kwenye mhusika ndipo wageni wanapojikwaa: barabara za mitaa ziko kwa wakala wa TARURA tangu 2017, barabara kuu ya Musoma ni ya wakala mwingine, TANROADS, maji ni ya mamlaka ya maji, MWAUWASA. Ukiandika "Mhandisi wa Jiji ashughulikie" wakati kazi si yake, robo mwaka imekwenda, na mkazi wa Mabatini anachota maji sebuleni.

Hilo halifundishwi kwa slaidi. Semina zetu tunazijua: siku tatu za mwezeshaji, chai, posho, picha ya pamoja, cheti. Mtu anarudi mezani hajui hata makabrasha yanasambazwa kwa nani na lini. Ilhali kazi yenyewe ina mzunguko wake: Kamati ya Fedha kila mwezi, kamati nyingine na baraza kila robo, bajeti kwa msimu wake. Aliyekaa robo nzima kando ya mzoefu, tangu kukusanya taarifa za idara hadi kufuatilia maazimio, atakuwa ameiona kazi yote.

Ila kujifunza kazini si bure kama wanaokupigia debe wanavyodai. Mzoefu anabeba mgeni juu ya kazi zake bila posho, na siku akipata uhamisho anaondoka na kila kitu kichwani, bila faili la makabidhiano. Halafu kuna visiwa. Mtendaji mpya anayepangiwa Irugwa, Ukerewe, akae kando ya nani? Kwake yeye semina, pamoja na kasoro zake zote, huenda ndiyo nafasi pekee ya kukutana na mwenzake anayeijua kazi.

Kwa mizani yangu, darasa liwe la sheria tu, fupi, kisha robo nzima mezani. Na darasa hilo halihitaji safari ya Dodoma. Mwanasheria wa Manispaa ya Ilemela awafundishe wageni wa Jiji, wa Jiji awafundishe wa Ilemela. Ni nauli ya daladala, na hakuna anayefundishwa na ofisi anayoitumikia. Wa visiwani aletwe mjini kwa robo yake ya kwanza, hata kama kata itakaimiwa. Diwani wake atalalamika, na ana haki. Ila bora alalamike miezi mitatu kuliko kukaa miaka mitano na mihtasari isiyo na maazimio.

Anayebaki ni mzoefu. Fedha ya ukumbi itakayookolewa haiwezi kugeuzwa posho yake kienyeji, lakini kumfunda mgeni kunaweza kuandikwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, kama jukumu lake, lipimwe kama majukumu mengine. Hilo Afisa Utumishi anaweza kulianza bila kusubiri bajeti ya Julai.