Damu peke yake haitoshi

Kuna mwandishi anayesema undugu ni damu, basi. Sikubaliani naye. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia vinasaba kwa wastani wa asilimia 50, mabinamu asilimia 12.5 tu, na mume na mke kwa kawaida hawana damu moja kabisa. Mbona hao ndio wanaoanzisha ukoo?

Mama yangu alipolazwa, aliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, shuka ameikunja ikawa mto, ni rafiki yake wa tangu utotoni. Alijua hata ubavu ambao mama hupenda kulalia. Sisi wanawe wa kutuzaa tulikuwa tukipiga simu. Tangu siku zile namwita mama mdogo, na wanangu humwita bibi, wala hakuna aliyewafundisha.