Ukizeeka Ulaya, Ulaya ipi?

Kila nikirudi Unguja likizo nayakuta yale yale barazani: Ulaya mtu akizeeka serikali inamtunza. Ulaya ipi hiyo? Mimi naishi Hamburg, Ujerumani, dada yangu yuko Odense, Denmark, mwendo wa saa chache tu kwa treni, na uzee wa huku si uzee wa kule.

Ujerumani pensheni inafuata ulichochangia. Sheria ya kwanza ilipitishwa 1889, enzi za Kansela Bismarck, na msingi wake ndio huo huo hadi leo. Aliyekula mshahara mnono kiwandani miaka arobaini amepona. Mwanamke aliyelea watoto, kisha akaokoteza vibarua vya saa chache kwa wiki, wenyewe wanaviita minijob, pensheni yake haitoshi hata kodi ya nyumba. Vibarua hivyo vilizidi miaka ya 2000, Kansela Schröder alipolegeza sheria za kazi kwa hoja ya kupunguza ukosefu wa ajira. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima kimekuja 2015 tu.

Matokeo yake yako stesheni. Utamwona mzee, koti safi, glovu mkononi na tochi ndogo, anamulika mapipa ya taka. Chupa tupu ya plastiki ukiirudisha dukani unapewa senti 25. Wapita njia wenye utu huiacha chupa chini, kando ya pipa, ili asiingize mkono. Na wala si kwamba hana haki ya kuongezewa na serikali. Anayo, lakini fomu ni nyingi, na wengi wanaona haya kumwonyesha karani akaunti yao ya benki.

Denmark pensheni ya msingi inatoka kwenye kodi, na inapimwa kwa miaka uliyoishi nchini, si kwa mshahara uliokuwa ukilipwa. Dada yangu analalamikia VAT ya asilimia 25 kila akitoka dukani, na haki yake. Pepo si pale pia: sisi tuliohamia ukubwani tunakatiwa kipande tu.

Sasa njooni nyumbani. Bara, mifuko ya hifadhi ya jamii kama NSSF inamfaa zaidi aliyeajiriwa, kwa hiyo mvuvi na mama lishe wengi wamebaki nje, Bismarck mtupu. Zanzibar mwaka 2016 tulishika njia nyingine: Pencheni Jamii, kila mzee wa miaka 70 na zaidi apate shilingi 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa alichangia nini. Baadaye ikaongezwa. Ni ndogo, najua, na wapo wanaoicheka. Mimi siicheki. Shangazi yangu wa Makunduchi hajawahi kushika hati ya mshahara maisha yake yote, na pesa hiyo huipokea kama chake. Ninazomtumia mimi anazipokea kwa dua ndefu, kisha ananihesabia senti kwa senti zimekwenda wapi, na wala sijamwuliza.

Kwa hiyo mnaponisifu kwamba sisi tulio nje ndio pensheni ya wazee wetu, sifa hiyo siitaki. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye mwanawe alinyimwa viza, mmemweka wapi?