Hesabu kwanza, ndipo tawakali

Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu. Walikuwa wakisema, "Sisi tumetawakali." Wakifika Makka, wanaombaomba. Ndipo ikashuka ile sehemu ya aya ya 197 ya Suratul Baqara: chukueni masurufu, na hakika bora ya masurufu ni ucha Mungu. Hawakukatazwa kumtegemea Allah. Waliambiwa wafunge mizigo.

Kosa lile lile linajirudia kwenye sadaka. Mtu kodi ya nyumba imempita miezi miwili, mwenye duka la mtaani anamdai, naye anatumbukiza alichonacho chote kwenye sanduku la msikiti: "Mungu atalipa." Jioni mkewe ndiye anayekwenda kwa jirani kuazima unga.

Hoja yake huwa ni Abubakar Sidiki (r.a.), aliyeleta mali yake yote siku Umar (r.a.) alipoleta nusu, na alipoulizwa amewaachia nini watu wake akajibu: Allah na Mtume wake. Ni kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) yuleyule alimwambia Kaab bin Malik, aliyetaka kutoa mali yake yote kwa furaha ya kupokelewa toba yake baada ya vita vya Tabuk, abakishe baadhi, kwani ni bora kwake. Kaab akabakisha fungu lake la Khaybar. Saad bin Abi Waqqas alipougua aliruhusiwa kuusia thuluthi tu, akaambiwa hata hiyo thuluthi ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wanajiweza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Watu watatu, majibu matatu, kwa sababu hali zao na za walio nyuma yao hazikuwa moja.

Wanazuoni wameijenga sheria juu ya hayo. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wa pwani, anaeleza katika kitabu chake Minhaji kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa haramu mtu kutoa sadaka kile anachokihitaji kwa matumizi ya wanaomtegemea, au kwa kulipa deni asilotarajia kulilipa kwa njia nyingine. Ametumia neno haramu. Neno hilo linastahili kusikika mimbarini sawasawa na fadhila za kutoa.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu ndio mzito zaidi: mwenye nacho anayetoa kwa kukadiria. Chukua mfano wa mwenye duka la kanga. Mwaka wake wa zaka umetimia tarehe 1 Ramadhani. Anashusha marobota, anahesabu doti moja moja: doti 2,400. Bei ya kuthamini ni ile ya kuuzia leo, si aliyonunulia mwaka jana. Kwa shilingi 15,000 kila doti, ni milioni 36. Fedha taslimu na za kwenye simu, milioni 10. Wateja wanaodaiwa na wenye uwezo wa kulipa, milioni 2. Rafu, meza na feni havihesabiwi, kwa kuwa haviuzwi. Jumla ni milioni 48. Akishaona imepita nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho ni thamani ya gramu 85 za dhahabu (wako wanaotumia gramu 595 za madini ya fedha, na hiyo ni salama zaidi kwa masikini), anagawa kwa 40. Inatoka 1,200,000.

Hapo ndipo moyo unapoingia mtihanini. Kabla ya kuhesabu alikuwa mtulivu. Angegawa noti za elfu moja moja usiku wa tarehe 27, zifike laki moja, alale na amani. Sasa kuna tarakimu kwenye daftari. Anakumbuka shehena ijayo, ada za watoto, biashara iliyolegea. Aya ya 268 ya sura ileile inasema Shetani anawaahidi ufukara, na Allah anawaahidi msamaha na fadhila. Hofu hiyo ina mahali pake maalumu: ni pale kiasi kinapojulikana. Asiyehesabu hakutani nayo, kwa hiyo hata tawakali yake haijapata kazi ya kufanya.

Aya iliyotangulia, ya 267, inafunga mlango mwingine. Zipo kanga zilizokaa chini ya robota misimu mitatu, rangi imechujuka kwenye mikunjo. Kishawishi ni kuzitoa hizo kwa bei kamili na kuziita zaka. Aya inakataza kukusudia kibaya katika kutoa, kitu ambacho wewe mwenyewe usingekipokea ila kwa kufumba macho. Na kwa Shafii zaka ya biashara hutolewa kwa fedha, hivyo njia hiyo haipo kabisa.

Kosa jingine ni la kalenda. Mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, una siku kama 354. Anayefunga hesabu kila tarehe 31 Desemba anachelewa siku 11 hivi kila mwaka, na ikifika miaka 33 hivi, zaka ya mwaka mzima imepotea. Wala zaka haipewi wazazi, mke au watoto unaolazimika kuwalisha. Hao wana haki yao nyingine. Ndugu masikini usiyelazimika kumtunza anastahiki, tena unapata thawabu mbili: ya sadaka na ya kuunga udugu.

Anayeshtushwa na 1,200,000 kwa mkupuo, sheria imempa nafasi. Mwenye nisabu tayari anaruhusiwa kutanguliza zaka ya mwaka ulioanza. Atoe 100,000 kila mwezi kuanzia Shawwal kwa nia ya zaka, aandike kwenye daftari tarehe na aliyepokea. Ramadhani ikirudi anashusha marobota upya na kuhesabu. Zikipungua anajaliza siku hiyohiyo, na zikizidi, kile cha ziada ni sadaka yake.